Ng'ombe wanaolala, na mtoto "asiye na lojiki"



Wengi hapa mnanifahamu kwa maandiko yangu juu ya chokaa, mahindi na bei ya mbolea. Leo naacha shamba kidogo, nazungumza juu ya kitabu na juu ya mtoto. Lakini msiogope, mbegu zitarudi tu.

Mambo yalianza mwezi wa tatu. Yaya wangu, dada yetu mkubwa, alirudi toka kwenye masomo ya binti yake, hapa hapa Hewa Bora, akakaa ku kiti bila kuvua viatu, akaninyooshea daftari. Mtoto ana miaka sita, yuko kalasi ya kwanza. Chini ya zoezi moja mwalimu alikuwa ameandika kwa bic nyekundu kwamba mtoto anajua kuhesabu, anajua herufi zake, ila hana lojiki. Na kwa mdomo akaongeza kwamba mambo yakiendelea hivi, mwezi wa saba tusishangae akirudilia mwaka.

"We njo ulisoma mu hii nyumba," yaya akaniambia. "Unielezee. Lojiki njo kitu gani? Banaiuzisha wapi?"

Sikucheka, juu niliona macho yake. Na ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Mimi nina lisansi ya agronomia. Ukinionyesha hindi lenye majani ya rangi ya zambarau, nitakwambia udongo wako umekosa fosfori, na mu udongo wetu mwekundu wenye asidi hilo si la kushangaza. Kozi ya lojiki nilipewa mwaka wa kwanza, nikapata pointi zangu, nikasahau. Hakuna aliyewahi kuniambia mtoto mdogo anaipata wapi.

Nikaangalia zoezi lenyewe. Ilikuwa picha ya maembe matano na machungwa mawili, na swali kwa Kifaransa: kuna maembe mengi zaidi, ao kuna matunda mengi zaidi? Mtoto alijibu maembe. Yaya alikuwepo siku ile, akaona mwalimu anarudilia swali mara ya pili. Mtoto akabadilisha: machungwa. Hapo ndipo bic nyekundu ilipotoka.

Rafiki mmoja aliyesoma saikolojia akacheka nilipomwambia. "Mzee, hiyo ni Piaget kabisa." Akanitumia kitabu ku telefoni: Children's Minds, cha Margaret Donaldson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Kilitoka 1978. Kingereza yangu ni ya kukokota, nilimaliza kwa wiki tatu, usiku, kila mara kuran ilipokuwepo. Ndicho kitabu ninachotaka tukipime pamoja leo, kizuri chake na kasoro yake, juu naona kinatuhusu sisi wa Lubumbashi kuliko mwenyewe alivyofikiri.

Tuanze na Piaget, waliosoma pedagojia watanivumilia. Mwaka 1941 yeye na Alina Szeminska walitoa kitabu juu ya namna mtoto anavyofikia kuelewa namba. Moja ya majaribio yao: mtoto anaonyeshwa shanga za mbao, karibu zote za kahawia, mbili tu nyeupe. Anaulizwa: shanga za mbao ndizo nyingi, ao za kahawia? Watoto wengi wa chini ya miaka saba hivi wanajibu za kahawia. Piaget akasema mtoto wa umri huo hawezi kushika kichwani fungu zima na sehemu yake kwa wakati mmoja. Akifikiria za kahawia, fungu zima linapotea, kinachobaki kulinganisha ni zile mbili nyeupe. Ukiangalia, maembe na machungwa ya daftari letu ni shanga zile zile. Mwalimu hakuvumbua kitu, alipokea swali lenye umri wa miaka zaidi ya themanini.

Donaldson anamheshimu Piaget, lakini anauliza jambo ambalo mkulima angeuliza: kabla ya kusema mbegu ni mbaya, umeangalia udongo? Yaani, kabla ya kusema mtoto hana akili, umeangalia swali?

Mwenzake, James McGarrigle, alichukua ng'ombe wanne wa kuchezea, watatu weusi, mmoja mweupe, akawalaza wote kwa ubavu. Akawaambia watoto kwamba ng'ombe wamelala. Kisha maswali mawili. La kwanza: ng'ombe weusi ndio wengi, ao ng'ombe ndio wengi? La pili: ng'ombe weusi ndio wengi, ao ng'ombe wanaolala ndio wengi? Kwa hesabu ni swali moja, juu wote wamelala. Watoto walikuwa na umri wa miaka sita hivi. Swali la kwanza, 25 kwa mia walijibu sawa. La pili, 48 kwa mia. Neno moja, "wanaolala", lilisaidia mtoto kuliona fungu zima kama fungu, na idadi ya waliojibu sawa ikakaribia kuwa mara mbili.

Jaribio lingine liko hivi. Unapanga mistari miwili ya vitu, sawa kwa sawa. Mtoto anakubali ni sawa. Halafu mtu mkubwa anavuta mstari mmoja, unakuwa mrefu, anauliza tena: bado ni sawa? Wadogo wengi wanasema hapana, ule mrefu ndio una vingi. McGarrigle na Donaldson wakaleta dubu wa kuchezea, mtundu, anatoka kwenye sanduku na kuharibu mistari. Vitu vimesogea vile vile, lakini si mtu mkubwa aliyevisogeza kwa kusudi. Watoto waliosema "bado ni sawa" wakaongezeka sana.

Kwa nini? Donaldson anaeleza kwamba mtoto hasikilizi maneno peke yake. Anasoma mtu. Mkubwa akigusa kitu mbele yangu halafu akaniuliza juu ya kitu hicho, bila shaka anataka niseme kimebadilika. Na kuna jambo la pili, lililoonyeshwa na Susan Rose na Marion Blank mwaka 1974: ukimuuliza mtoto swali mara moja tu, baada ya kuvuta mstari, anajibu vizuri kuliko ukimuuliza kabla na baada. Kurudilia swali kunamwambia kwamba jibu la kwanza halikupendeza.

Hapo niliweka telefoni chini. Nani kati yetu hajui jambo hili? Tumekulia mu kalasi ambamo mwalimu akikuuliza mara ya pili, "Una hakika?", maana yake umekosa, badilisha haraka kabla ya kicheko kufika. Mtoto wa yaya aliposikia swali mara ya pili, aliacha maembe akashika machungwa. Jibu lake lilikuwa limezidi kuwa baya. Lakini tuseme ukweli, alifikiri. Alifikiri hivi: mwalimu amerudilia, basi si maembe. Kwenye picha kilichobaki ni nini? Machungwa. Hilo nalo ni fikra yenye hatua zake, ila lilikuwa jibu la swali lingine, lile la kujua mwalimu anataka nini.

Nikataka kuona kwa macho yangu. Siku ya posho, mtoto akiwa ametulia, niliweka ku meza mbegu tisa: maharagi sita na mahindi matatu. Nikamuuliza kwanza kwa Kifaransa kama kile cha daftari. Aliniangalia akasema "wi". Swali lilikuwa la kuchagua, yeye amejibu ndiyo. Basi si lojiki iliyokosekana pale, ni lugha. Nikageuza Kiswahili, maneno yale yale, makavu: "Mbegu njo mingi, ao maharagi njo mingi?"

"Maharagi."

Sitawaficha, nilivunjika moyo kidogo. Nilitegemea Kiswahili peke yake kitatuokoa. Basi nikafanya ng'ombe wangu wa kulala. Nikamwambia: "Sikia. Kalulu anataka kupanda maharagi tu. Tembo anataka kupanda mbegu yote iko ku meza. Kila mbegu na shimo yake. Nani atachimba mashimo mingi?"

"Tembo."

"Juu ya nini?"

Akaniangalia kama mimi ndiye sina lojiki. "Tonton, juu Tembo anapanda maharagi na mahindi tena. Maharagi iko ndani."

Maharagi iko ndani. Ndugu zangu, sehemu iko ndani ya fungu zima. Hicho ndicho Piaget alikuwa anatafuta, na mtoto amekisema kwa maneno matatu ya kwetu, huku akila karanga.

Yaya alifurahi sana, alitaka kupeleka habari ku masomo siku ile ile. Mimi nikamwambia tungoje, juu kazi yangu imenifundisha kujiogopa. Mtoto mmoja si shamba. Tena alikuwa amesikia swali mara tatu, na mimi nimesema hivi punde kwamba kurudilia swali kunasukuma jibu. Labda ni Kalulu aliyemsaidia, labda ni kurudilia. Ukiweka mbolea kwenye shamba lote bila kuacha kipande kisicho na mbolea, mavuno yakipanda unajuaje ni mbolea na si mvua? Nilijaribu na watoto wa majirani mu lupango letu, wengine nikaanza na Kalulu, wengine nikaanza na swali kavu. Sikupata jibu safi. Wengine walijibu vizuri, wengine walisema Kalulu atashinda juu ana mbio. Nawaambia hivyo ili msichukue andiko hili kama dawa ya soko.

Na hapa ndipo ninaanza kubishana na Donaldson.

Kwanza, hesabu yake mwenyewe. Kama 48 kwa mia walijibu sawa, basi zaidi ya nusu bado walikosa, hata ng'ombe wakiwa wamelala. Swali baya linaeleza sehemu ya jambo, halielezi yote. Piaget hakuwa mjinga. Kuna kitu kigumu kweli pale, na kinakuja na umri na mazoezi. Dubu naye alichunguzwa. Mwaka 1986 Moore na Frye walionyesha kwamba dubu huyo anaweza kumvuta mtoto mawazo. Hata dubu akibadilisha kweli hesabu ya vitu, watoto wengi hawasemi kuna mabadiliko. Maana yake, baadhi ya wale waliosema "bado ni sawa" huenda walikuwa wanaangalia dubu tu. Kitabu kinasomeka kama ushindi, lakini ushindi wenyewe ni wa nusu.

Pili, watoto wa Edinburgh waliulizwa katika lugha yao. Donaldson anashangaa neno moja linavyoweza kumpoteza mtoto, ilhali mtoto huyo amezaliwa ndani ya lugha ile. Angesema nini juu ya mtoto wa Hewa Bora anayeongea Kiswahili na mama, Kiluba na bibi, halafu anakutana na Kifaransa kwa mara ya kwanza siku moja na penseli? Kwake swali lina milango miwili: wa lugha na wa fikra. Akikwama mlangoni, sisi tunaandika kwamba nyumba ni tupu.

Na si kwamba inchi yetu haijui. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema Kifaransa ni lugha ya kufundishia, lakini lugha za taifa ao za mazingira zitumike pia kama njia ya kufundisha na kujifunza, tena kama somo. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Basi mwalimu akiuliza kwa Kiswahili havunji sheria, anaitumika. Wanaomzuia mara nyingi ni sisi wazazi na watonton, tunaolipa franga ili mtoto "aongee Kifaransa", na tunanuna tukisikia Kiswahili dirishani mwa kalasi.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kitabu hiki ni rahisi kukisoma vibaya. Nimeshasikia wasomi wenzetu wakisema: "Mnaona? Mtoto wetu anafikiri kwa vitu, kwa maharagi na mbuzi. Tumwache na maharagi yake, fikra za hewani ni za Wazungu." Hapana. Donaldson mwenyewe hasemi hivyo. Anasema masomo yanadai fikra iliyotolewa kwenye mazingira yake, fikra ya swali kavu, na ni kazi ya masomo kumsaidia kila mtoto kuvuka, badala ya kuwavusha wachache na kuwaambia wengine hawana akili. Huyu mtoto atakutana na mtihani wa mwisho wa primeri, atakutana na mtihani wa taifa, na hakuna Kalulu atakayemngoja kwenye karatasi ile. Mimi mwenyewe nisingemaliza agronomia bila kuelewa kwamba herufi x inaweza kuwa mahindi, ao mvua, ao kitu ambacho hakipo. Kumwacha mtoto kwenye maharagi ni kumfungia lupangoni.

Swali basi ni daraja. Tunatoka namna gani kwenye mbegu kwenda kwenye maneno matupu?

Hapa nitatoka nje ya kitabu kidogo. Mwaka 1931 na 1932, Alexander Luria, Mrusi, alikwenda Uzbekistan kuongea na wakulima ambao hawakusoma. Aliwaambia: kaskazini ya mbali, kwenye teluji, dubu wote ni weupe. Mahali fulani ni kaskazini ya mbali. Dubu wa pale ni wa rangi gani? Wengi walijibu kwamba hawakufika pale, aulizwe aliyefika. Watu wamelisoma jibu hilo kama upungufu. Mimi nasikia sauti ya bibi yangu. Kusema "sikuona, siwezi kusema" ni adabu ya ukweli, na laiti baadhi ya watu wanaotangaza dawa ku barabara wangekuwa nayo. Lakini ni kweli pia kwamba mtu anayekataa kufikiri juu ya asichokiona hawezi kuingia kwenye mtihani, wala kwenye sheria, wala kwenye sayansi. Kupanga jaribio la shambani kunaanza na "tuseme kwamba".

Mwaka 1988 Maria Dias, wa Brazil, na Paul Harris walitoa kazi nzuri juu ya jambo hili. Waliwapa watoto wadogo, wa miaka minne mpaka sita, maneno ya uongo wazi, kama kusema paka wote wanabweka, kisha wakawaletea paka mmoja na kuwauliza: anabweka? Wakiuliza kwa sauti ya kawaida, watoto wengi walikataa: paka habweki, analia nyau. Wakiuliza kwa sauti ya hadisi, tuseme tuko dunia nyingine, watoto wa umri ule ule wakafuata maneno mpaka mwisho: anabweka, juu huko paka wote wanabweka. Ile lojiki ambayo mkulima mzima aliikataa, mtoto wa miaka minne aliishika mara tu alipoambiwa ni mchezo.

Sasa niambieni, nani ana hadisi kuliko sisi? Bibi zetu walitulaza na Kalulu anayeongea, simba anayelipa deni, kobe anayeshinda mbio. Hakuna mtoto aliyesimama kusema "sungura haongei". Tulikubali neno la kwanza, kisha tukamdai bibi awe mkweli ndani yake. Akikosea, tukimsikia anasema Kalulu alikimbia wakati alikuwa amefungwa kamba, tulipiga kelele: "Bibi, si alikuwa amefungwa?" Hiyo kelele ndiyo lojiki. Tulikuwa nayo usiku kwenye mkeka, hakuna aliyetuambia asubuhi kwamba tuibebe mu kalasi.

Nilijaribu na mtoto wa yaya jioni moja, wakati kuran ilikatwa. "Tuseme ku inchi ya Kalulu, mbuzi zote zinaruka mu hewa kama ndege. Huyu hapa ni mbuzi ya pale. Anaenda ku soko namna gani?"

"Anaruka."

"Juu ya nini? We uliona mbuzi inaruka?"

"Hapana, tonton. Juu we njo ulisema zote."

Juu we njo ulisema zote. Alishika neno "zote". Kuna watu wenye lisansi, na mimi siku nyingine nimo, wanaosoma "wote" wakaelewa "wengi", wanasoma "baadhi" wakaelewa "wote", na wanabishana usiku kucha kwenye kurasa kama hii.

Najua wengine mtasema mimi natetea familia na kumtupia mwalimu lawama. Tulikwenda kumwona, yaya na mimi. Alitupokea vizuri, akatuonyesha kalasi. Tangu primeri ya serikali ilipotangazwa bure, 2019, watoto wamejaa, na pale walikaa wanne ku benchi moja. "Bwana," aliniambia, "nikiuliza kila mmoja juu ya nini, tutatoka hapa saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Mtu huyu anasahihisha daftari usiku kwa mwanga wa telefoni. Swali kavu lenye jibu moja linasahihishwa kwa sekunde mbili, "juu ya nini" inataka dakika mbili, na dakika mbili mara watoto sabini ni zaidi ya masaa mawili ya masomo.

Ndiyo maana naona kazi hii ni yetu, si yake peke yake. Sisi tuliosoma, wengi tukiwa bado tunangoja kazi, tuko nyumbani na watoto wa yaya zetu na wa majirani. Tuna zile dakika mbili. Lakini tunafanya nini nazo? Tunawauliza alfabeti mbele ya wageni. Mtoto akituuliza sisi "juu ya nini?", tunamwambia asijibishane na wakubwa.

Mnakumbuka kisa cha Erasto Mpemba, wa Tanzania. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa bado moto, akaona yameganda mbele ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye wakamcheka. Ilibidi Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, atembelee masomo yao, asikie swali hilo na kwenda kulipima. Mwaka 1969 wakatoa andiko pamoja, na dunia ikaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2016 Burridge na Linden waliandika kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha. Sawa. Hata kama mwisho wataona hakuna kitu, kijana alifanya linalotakiwa: aliona, akalinganisha, akauliza. Waliocheka hawakupima chochote.

Hukumu yangu basi juu ya kitabu: kisomeni, wenye kuweza. Kina kurasa chache, hakina maneno makubwa, na kitawafanya muone haya kwa maswali mliyowahi kuuliza watoto. Lakini kisomeni kama mkulima anavyosoma karatasi ya mbolea iliyoandikwa kwa udongo wa mbali. Kipimo chao si kipimo chetu. Wao walitafuta neno moja la kumsaidia mtoto ndani ya lugha yake. Sisi tunaanza na kumrudishia lugha yenyewe, kisha hadisi, kisha ndipo tumpeleke pole pole kwenye swali kavu, kwa Kiswahili na baadaye kwa Kifaransa. Na tusimwache njiani.

Mtoto wa yaya bado yuko kalasi ya kwanza. Mwalimu alikubali kumuuliza maembe na matunda tena, kwa Kiswahili, wakati wa mapumziko, mara moja tu. Alijibu sawa. Mwalimu alitikisa kichwa, hakufuta bic nyekundu, akasema tutaona mwezi wa saba. Tunangoja. Kila jioni tunapanda mbegu ku meza, na sasa ni yeye anayeniuliza. Jana aliniambia: "Tuseme batonton bote balisoma. We ni tonton. We ulisoma?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Juu ya nini?"

Nilifungua kinywa kumwonyesha diplomu yangu ukutani. Kisha nikakumbuka swali lilivyokuwa, nikamjibu: juu we njo ulisema bote.